Sufuria Yangu na Bwawa la Bi Elsie

Bi Elsie Changawa anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha uhifadhi hapa Garsen, na kila anachojua kuhusu vyura alifundishwa na mimi, Ishaq wa getini.

Haya, uongo. Nilimfundisha kuwasha jiko la makaa, basi. Vyura nawaogopa tangu utotoni kwetu Kipini, na shule niliiacha darasa la nne, mimi na mwalimu tukiwa tumechokana. Bwana Tom, mkuu wetu, amenipa kuandika wasifu huu kwa sababu wengine wote walisema wana kazi. Kazi yangu mimi ni kufungua geti, na magari ni machache. Kustaafu sistaafu, maana hakuna mwenye uhakika nilizaliwa lini.

Bi Elsie ni wa Kinakomba, kwenye mashamba ya ndizi na mpunga ya Wapokomo, ambako mtoto huyajua mafuriko kabla ya kuijua a-e-i-o-u. Aliajiriwa hapa kupima kina cha maji. Mwezi wake wa kwanza alinijia mbio, viatu mkononi, akanivuta nikaone chura. Kijivu, mdogo, amekaa juu ya mti kama karani anayengoja chai. Na kwenye tawi lililoinamia bwawa la nyuma ya kituo, povu jeupe. Nikamwambia kuna mtu amefua akasahau sabuni. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndani ya povu mna mayai, na yakianguliwa, viluwiluwi hudondoka majini, tup, tup, tup. Tangu siku hiyo kina cha maji kilipimwa na mtu mwingine.

Miaka mingi baadaye akapelekwa Uingereza kwa mafunzo. Wenzake walirudi na picha za majumba, yeye alirudi na picha za dimbwi la shambani. Ndani yake anaishi jamaa wa chura mwenye mkia: umbo la mjusi, tumbo la rangi ya chungwa lenye madoa meusi, na dume akitaka kuposa huota kishungi mgongoni kama jogoo. Jike naye hulikunja jani juu ya kila yai, moja moja, kama anafunga sambusa. Habari hizi alizisimulia mpaka mpishi akawa anazisimulia kwa wageni. Kwa hesabu ya dunia nzima mnyama huyo bado hajaingia katika kundi la wanaokaribia kutoweka, lakini anapungua. Madimbwi yanafukiwa, mengine yanamezwa na vichaka, mengine yanatiwa samaki wanaowala wanawe. Kule sheria inamlinda, hata tingatinga husimamishwa kwa ajili yake. Hapo Bi Elsie alikuwa hawezi kukaa kitini. Tingatinga, jamani! Kwa kitu cha urefu wa kiganja!

Basi akarudi na wazo la ua. Bwawa letu lizungushiwe seng'enge, ng'ombe wasikanyage. Sasa, huku kwetu kufunga maji ya mifugo ni jambo zito. Bwawa liko kwenye malka, yaani njia ambayo Waorma huteremshia ng'ombe kunywa, na njia hiyo ilikubaliwa na wazee wao na wazee wa Kipokomo zamani sana. Lakini Bi Elsie akitaka jambo, hata wazee huchoka. Wakampa ruhusa ajaribu. Seng'enge ikafungwa, nami nikapewa ufunguo wa akiba, nikawa natembea nao mjini kama mwenye benki.

Matete yakaona raha! Mwaka wa kwanza yalifika kiunoni, wa pili hukuyaona maji tena. Povu likawa linaning'inia juu ya matope na majani makavu, na viluwiluwi wakidondoka wanakufa. Ndipo sufuria yangu ya ugali ilipochukuliwa. Bi Elsie aliijaza maji, akaitega chini ya povu la mwisho. "Mzee Ishaq," akasema, "naazima kidogo tu."

Kamati ya kituo nayo ikaamua kwamba bwawa limekufa, lifukiwe kifusi, pawe egesho la malori. Wakampa Bi Elsie mpaka mvua za masika mwaka huu. Povu lisipoonekana juu ya maji, malori yanaingia. Miaka yote ile, na mwisho wake uwe malori! Niliona ameacha kula chapati, na huyo ni mtu wa chapati.

Aliyetuokoa ni fahali wa Bishara. Bishara ni mfugaji wa Kiorma ambaye akinong'ona husikika ng'ambo ya mto. Fahali wake alivunja seng'enge, akaingia matetini, akala, akakanyaga, akajinyoosha. Bi Elsie akamfukuza kwa leso huku akimsema Bishara na ukoo wake mzima. Kisha ghafla akainama. Katika nyayo za fahali maji yalikuwa yamesimama, jua limeyafikia, na viluwiluwi waliodondoka nje ya sufuria yangu walikuwa wanacheza mkia.

Kesho yake alikwenda kwa Bishara kuomba ng'ombe wote.

"Jana umefukuza moja, leo unataka zote?" Bishara akauliza. "Mama, uko na malaria?"

"Niko na bwawa. Lete, lakini ukingo mmoja tu, na asubuhi tu."

"Na hii waya?"

"Waya nang'oa mwenyewe."

Na akaing'oa, mikono yake hiyohiyo, kisha akawaambia wazee wa pande zote mbili kwamba ua ulikuwa kosa lake. Alimpigia simu hata yule mwenye dimbwi Uingereza. Kumbe naye huachia ng'ombe wachache ukingo mmoja, ili vichaka visizibe jua! Bi Elsie alipiga picha kila kitu kule isipokuwa ng'ombe.

Aprili mvua ikashuka. Asubuhi ambayo Bwana Tom na kamati walikuja na mabuti yao, povu lilikuwa limejaa kwenye matawi kama mapambo ya harusi, na chini yake maji yanametameta! Bi Elsie alimkumbatia Bishara, Bishara akatazama pembeni kwa haya, kisha akamkumbatia fahali. Kamati ikaenda kutafutia malori mahali pengine. Ng'ombe wanakunywa asubuhi, vyura wana siku nzima, na chapati zimerudi kuliwa.

Bi Elsie, sisi wenzako tunakushukuru kwa kazi, kwa kelele, na kwa kutufanya tuinue macho kuangalia matawi. Nenda Kinakomba na afya tele, mvua ya kiasi, na wajukuu wasiochukua simu yako.

Ila neno moja. Sufuria yangu bado iko chini ya lile tawi, na kuna chura amehamia ndani. Mimi simtoi, sababu unaijua. Siku ya kuondoka, kabla gari halijafika getini, pita umtoe kwa heshima zake, uniletee sufuria. Na uisugue. Geti silifungui mpaka niione.