Masika Wetu na Kazi Ambayo Haikuwa kwenye Fomu

Marehemu Pascasie Masika alizaliwa Butembo, Jumanne tarehe 3 Mei 1983, saa kumi na dakika ishirini za alasiri, kadiri baba yetu, Papa Florent, alivyoandika nyuma ya kalenda ya parokia. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto sita, na mwaka 1988 familia ilihamia Goma, ambako Papa alifungua duka la redio huko Birere.

Shule ya msingi aliianza Septemba 1989. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipokuwa wameujaza mji, na familia kadhaa zikiwa bado zinalala katika madarasa ya shule yake, watoto themanini na sita walikusanywa katika chumba kimoja mbele ya mwalimu Buhendwa, ambaye kufikia Oktoba alikuwa amekaukiwa sauti kabisa. Pascasie, mwenye miaka kumi na mmoja, alileta redio-kaseti ya duka, akamwomba mwalimu arekodi imla polepole nyumbani, ili darasani mashine isome na yeye atembee kati ya mabenchi. "Na mimi nitabakia na kazi gani?" mwalimu akanong'ona, naye akajibu, "Kuangalia, Mwalimu, maana ukiwa unasoma hauone wenye kukopia," na darasa zima likacheka, wakopiaji wenyewe wakiwemo.

Diploma ya serikali aliipata mwaka 2001, na Julai 2007 akahitimu pedagojia huko Bukavu, kwa utafiti kuhusu masomo ya redio.

Jumamosi tarehe 14 Agosti 2010, hapa Goma, alifunga ndoa na Janvier Ntirenganya, daktari wa mifugo, mtoto wa wafugaji wa Rutshuru. Siku ya kupeleka mahari, Papa Florent alimwuliza mkwe kama anajua kwamba binti huyu huongea na mashine, na Janvier akajibu, "Na mimi naongea na ng'ombe, Papa, tutasikilizana." Mungu aliwajalia watoto wawili, Achille, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2011, na Fabiola, tarehe 19 Februari 2014.

Ugonjwa wa figo uligunduliwa Juni mwaka huu wa 2025, wakati uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa tangu vita vya Januari, ikabidi asafirishwe kwa barabara hadi Kampala, akarudi Septemba, na Alhamisi tarehe 9 Oktoba, saa nane na robo mchana, akatutoka, akiwa na miaka arobaini na miwili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa pande zote mbili za mpaka, majirani wa Katindo waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa kazi, wakiwemo wale ambao kwa muda hawakuwa wakisalimiana naye.

Kazi tumeiacha mwisho, kwa sababu hapa matangani wengi wametuuliza: huyu mama alikuwa anafanya nini hasa?

Mwaka 2008 alirekodi masomo ya redio kwa ajili ya watoto waliokimbilia kambi ya Kibati. Mwaka 2016 alipojaza fomu katika ofisi moja, alisema kazi yake ni teknolojia ya elimu. "Mama, hiyo haiko ku fomu," karani akamwambia, "uko mwalimu ao fundi wa televizio?" Pascasie akasema, "Andika mutu mwenye kuuliza kama mashine inafundisha kweli." Karani akaandika: mke wa nyumbani.

Septemba 2023 shirika moja lilimkabidhi tablete arobaini, zile kompyuta ndogo za kugusa, kwa watoto waliokimbia vita vya Masisi na kukaa kambini Mugunga, na likaahidi nyingine mia tatu kama matokeo yangekuwa mazuri. Baada ya wiki sita watoto wote mia moja ishirini na wanane walipata kumi juu ya kumi katika hesabu, na wenzake, wakiongozwa na Bulonza, wakaagiza Fanta, na wazazi wakapiga makofi. Yeye hakutulia. Alhamisi tarehe 16 Novemba alimwita Nishimwe, msichana wa miaka tisa, akamwandikia saba mara nane kwa chaki, na mtoto akaangalia ubao juu na chini, akauliza, "Mama, hapa pembe ya chini iko wapi?"

Kosa lilikuwa la Pascasie mwenyewe: aliyapanga majibu kwenye skrini mara moja na hakuyabadilisha nafasi, watoto wakashika mahali pa jibu badala ya jibu. Aliwapima wote upya kwa chaki, na waliojua walikuwa thelathini na mmoja. "Da Pascasie, peleka tu namba zenye ziko," Bulonza alimsihi, "tutarekebisha kisha, ao utatuulia kazi sisi wote." Ijumaa aliyasema yote mbele ya shirika, bila kumtaja mwingine, na alasiri hiyo hiyo tablete zikachukuliwa, zile mia tatu hazikuja, na watu watano wakakosa kazi.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, saa moja na nusu, alikuwa Mugunga. Aliwaambia wazazi kwamba watoto wao hawakushindwa, yeye ndiye aliyekosea. Bibi yake Nishimwe, Mama Mukamugema, akauliza, "Kumbe makofi yetu yote tulipiga bure?" "Bure kabisa, Mama," akasema, na yule mama akacheka hadi akashika ubavu, akamsogezea bidoni tupu ya maji ya kukalia. Akakaa, akafungua daftari, akawaita watoto mmoja mmoja, akimpa kila mmoja hesabu moja na kumwuliza, "Umejuaje?", akiandika walichosema bila kusahihisha. Kufikia saa sita alikuwa amesikiliza arobaini na watatu. Wa arobaini na nne alikuwa bado anafikiri, na Pascasie akamngoja.

Masika wetu, Bwana akupokee, akulaze katika amani yake.