Bi Maboksi na Jibu la Pembeni

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, tarehe mtakazozisikia hapa, isipokuwa ile ya mwisho, aliziandika yeye mwenyewe mwezi uliopita, akiwa kitandani, kwa sababu hakutuamini na tarehe, na familia inakiri kwamba hakukosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa mwisho wa mpiga chapa na mshona nguo, na kwa kuwa mama yao alishinda kwenye cherehani, aliyembeba, kumlisha na kumshika mkono akijifunza kutembea ni dada yake mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi, ambaye aliacha shule miaka miwili kwa kazi hiyo, kisha akarudi kukaa dawati moja na watoto waliomfika kiwikoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari hadi 1975, na Novemba 1978 akapata cheti cha takwimu, akisifiwa kwa mwandiko safi na kulalamikiwa kwa ubishi.

Tarehe 7 Januari 1980 aliajiriwa kuwa mdadisi katika utafiti wa malezi ya watoto wadogo, akapita nyumba kwa nyumba na madodoso yake, na swali la tisa liliuliza ni nani anayeshinda na mtoto, majibu yakiwa mama, baba, bibi au mfanyakazi, kila moja na kisanduku chake cha kutia alama. Nyumba baada ya nyumba alijibiwa kwamba ni dada yake mtoto, au kaka yake, na kwa kuwa hao hawakuwa na kisanduku, aliwaandika pembeni kwa penseli, akawashawishi wadadisi wenzake wafanye vivyo hivyo. Walioingiza majibu kwenye kompyuta waliingiza visanduku tu, na nyumba zile zote zikasomeka kuwa hazikujibu.

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1983 na fundi seremala, mume wake aliye nasi hapa, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1985, 1988 na 1991, ambao wote walipimwa urefu mlangoni kila Jumapili, wapende wasipende.

Mwaka 1994 alihamia kwenye mfuko uliogharamia utafiti ule, uliokuwa pia ukihifadhi madodoso yake, na kwa miaka mingi aliwasumbua wakubwa watenge fungu la watafiti watakaosoma upya majibu yaliyokwisha kukusanywa, akisema ni aibu kumrudia mama na swali alilokwisha kulijibu. Mwaka 2009 iliamuliwa karatasi hizo, zilizokuwa kwenye maboksi stoo, zitupwe, maana kila kitu kimo kwenye kompyuta, na alipoambiwa kwamba stoo isiyo na mtu itasafishwa, kesho yake alihamishia meza yake humo, akakaa miaka minne, akipiga chafya na kunywa chai juu ya boksi namba kumi na moja, ndipo akaitwa Bi Maboksi, jina alilojifanya halipendi.

Fungu lilipatikana Julai 2013, na mtafiti wa kwanza kupewa ruzuku alipokuja kusema kwamba nyumba zisizo na jibu ataziondoa kwenye hesabu yake, marehemu hakubishana, alimshika mkono, akampeleka stoo, wakafungua boksi, na penseli ilikuwa bado inasomeka. Walisoma kurasa zote, na alipostaafu mwaka 2018 aliendelea kwenda bila mshahara.

Aliugua figo tangu Mei 2021. Ripoti ya mtafiti yule ilipotoka, ikiwa na dodoso jipya mwishoni, mumewe alimsomea wodini, akasahihishwa matamshi mara mbili, na walipofika swali la tisa marehemu alilia kwa furaha, kwani sasa lina kisanduku cha tano, cha ndugu wa mtoto. Alifariki tarehe 9 Februari 2023, saa nne asubuhi, akiwa ameridhika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipokagua chati zao, majirani waliotupikia na kutufariji, na wafanyakazi wenzake waliobeba maboksi yale ghorofa tatu bila kuliangusha hata moja.

Na pembeni mwa karatasi hii, kwa penseli, marehemu ameagiza tumshukuru dada yake, aliyeketi mstari wa mbele, mwenye miaka sabini na mitano, ambaye hakuna dodoso lililowahi kumuuliza.

Pumzika kwa amani, Bi Maboksi, jibu la pembeni tumelisoma.