Mtoto wa Vital Hafukuziki

Ukitaka kumjua mtu wa Alief, mtaa wa huku Houston, usimuulize anaishi wapi, muulize anaegesha gari wapi akitoka kazini. Wenzetu hawa huegesha mbele ya duka la Twalibu, kwenye ile safu ya maduka yenye saluni ya kusuka na kanisa lililohama. Kanisa lilipohama liliacha benchi refu la mbao lenye kijirafu cha kuwekea vitabu vya nyimbo. Twalibu, mtoto wa Tanga, akaliweka nje ya duka lake, na sasa kijirafu kinabeba vikombe. Kila asubuhi analeta birika la kahawa chungu na sahani ya kashata. Haziuzwi. Anayetoka zamu ya usiku hunywa kwanza, wengine wanangoja, na birika likiisha watu hutawanyika. Ndivyo ilivyo, na hakuna anayejisumbua kuisemea. Wakaaji wa kudumu wa benchi ni Onyancha, dereva wa malori kutoka Kisii, anayeitwa Senata ingawa hajawahi kuchaguliwa hata kuwa mweka hazina wa chama cha mazishi, na Vital, Mkongomani wa Masisi anayepakia nyama kwenye ghala la barafu. Huyu wanamwita Papa Kimya. Lakini Alhamisi ile Papa Kimya alikuja na neno mdomoni, na neno lilikuwa linamchoma.

— Balimupa kazi ya maisha, alisema kabla hata ya kukaa. Kethia, binti yangu. Ile université ya kule Dallas. Habawezi tena kumufukuza.

Onyancha alishusha kashata.

— Hawawezi vipi? Si hii ni Texas?

— Hata Texas.

— Akikosana na bosi?

— Habawezi.

— Kampuni ikiuzwa je?

— Senata, haiko kampuni. Ni chuo.

Onyancha akavua kofia. Msimcheke. Kwenye benchi lile hakuna ambaye hakuwahi kufukuzwa. Yeye mwenyewe alifukuzwa kwa ujumbe wa simu akiwa anatia mafuta Waco, mzigo wa watu ukiwa bado mgongoni. Twalibu alifukuzwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona kwa macho.

— Aisee! alisema Twalibu. Watu wenye nyumba tumewaona. Wenye Benzi tumewaona. Mtu asiyefukuzika, wallahi, ndiyo kwanza nasikia leo.

— Na ni mtoto wa hapa hapa! Onyancha alipaza sauti. Mtoto wa Gulfton! Si huyu huyu alikuwa anasomea kwenye ngazi za apartment kwa sababu ndani mko watu saba na televisheni? Maze, Mungu yuko. Wahenga walisema, mtaka cha uvunguni sharti aongeze bidii.

— Sharti ainame, Senata.

— Ainame, aongeze bidii, si ni kitu moja? Buda, hongera! Sasa sherehe ni lini?

Hapo ndipo Vital alipoinamia kikombe chake. Akaeleza kwa kusitasita kwamba kwao chuoni kuna desturi: mtu akipewa kazi hiyo, anasimama mbele ya wakubwa wote na kutoa mhadhara wake, na wazazi wanakaa mstari wa kwanza. Ni kesho, Ijumaa, saa kumi. Kethia amempigia simu mara nyingi.

— Na unaenda, sivyo?

— Niko na shift.

Uongo mtupu. Ijumaa ilikuwa siku yake ya mapumziko na kila mtu pale aliijua. Kilichomshika Vital ni woga. Mwezi uliopita kanisani mchungaji alimsimamisha awaambie waumini binti yake anafanya kazi gani huko Dallas. Alisimama. Alishika kiti cha mbele. Akasema, "Anasoma vitabu," na watu wakampigia makofi ya kumhurumia. Sasa ajione mbele ya wazungu wenye shahada, mmoja amshike mkono amuulize, mzee, unaionaje kazi ya binti yako? Amjibu nini? Amwaibishe mtoto siku yake kubwa? Hapana. Bora alale nyumbani aseme alikuwa kazini.

Onyancha alimtazama, akaelewa, akaona haya kumwambia kwamba ameelewa.

— Sikiliza, alisema. Shida ni kwamba hujui anafundisha nini. Sisi tutakupanga hapa hapa. Inaitwaje hiyo kitu?

— Falsafa ya siasa. Na sheria ya asili.

— Simple! Siasa ni kura. Huyo msichana anafundisha maseneta. Kabla mtu apige kampeni lazima apitie kwake kwanza.

— Wewe Senata mwenyewe ulipitia wapi? Twalibu alimdaka. Hebu nipishe. Neno kubwa hapo ni asili. Asili ni maumbile. Kwa nini maji yanashuka bondeni? Kwa nini kimbunga kinapiga Houston, Dallas kinaiacha? Hiyo ina sheria zake, bwana, na mtoto wa Vital ndiye anazijua. Wakubwa wanamwuliza kwa siri, mama, mwaka huu tukimbie au tukae?

— Zii! Kimbunga kina watu wa hali ya hewa. Mimi nilisikia kwa redio nikiwa barabarani, watu wanataka kujenga mji kwa mwezi. Kule juu! Sasa fikiria. Mwezini hakuna serikali, hakuna kaunti, hakuna chifu. Mtu akikuibia oksijeni utamshtaki wapi? Lazima kuwe na mtu anajua sheria ya mahali ambapo hakuna sheria. Ndiyo maana hawamfukuzi! Wanamweka kwa ajili ya mwezi!

— Allahu akbar, alisema Twalibu, na safari hii hakutania. Alitazama juu kidogo, lakini mwezi haukuwepo.

Vital alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akayafuta na kukaa vizuri, maana katika upuuzi ule kulikuwa na kitu alichokitambua.

— Ile ya mwisho haiko mbali, alisema polepole. Siku moja alinielezea. Alisema, Papa, kabla ya serikali, kabla ya muntu yeyote kuandika, tayari kuko mambo ambayo ni haki na mambo ambayo si haki. Na serikali ikiandika ubaya, ubaya haugeuke haki. Alisema kuna sheria ile hakuna muntu aliiandika. Ni miaka elfu mbili na zaidi bantu banaitafuta. Naye anaitafuta.

Kahawa ilipoa vikombeni.

— Miaka elfu mbili, Twalibu alinong'ona. Na sasa zamu imemfikia mtoto wa Gulfton.

— Nampenda, alisema Onyancha, lakini hapo nakataa. Sheria bila polisi ni ushauri. Mimi na-drive mpaka El Paso, mpaka Tulsa. Wajua kinachonifanya nipunguze mwendo? Si haki. Ni yule polisi amejificha nyuma ya bango. Toa polisi, toa korti, kinabaki nini? Mwenye nguvu mpishe. Imeisha hiyo.

— Hata sisi kule kwetu tuliona hivyo, Vital alisema. Nilimwambia Kethia hivyo hivyo.

— Akasema?

— Hakusema kitu. Aliniuliza jambo lingine.

Kabla hawajamwuliza ni jambo gani, akaja dada mmoja kwa miguu. Kwa miguu, Alief! Wote waligeuka kumtazama. Ni mgeni, alisema, anaitwa Flaviana, ametoka Bukoba wiki hii, amefikia kwa dada yake nyuma ya pale, na ametumwa unga wa sembe. Twalibu akampa unga, akamwambia hapa mgeni hapiti hivi hivi, kaa unywe kahawa. Akainamisha birika. Likatoa kikombe kimoja, likakohoa, likaisha.

Flaviana alikuwa ameshanyoosha mkono wakati gari dogo la kijivu lilipoingia na kuegeshwa upandeupande. Akashuka Truphosa, nesi, bado na sare ya hospitali, anatembea kama mtu anayevuka mto. Zamu ilikuwa mbaya, usoni kulikuwa kumeandikwa. Onyancha, yule yule wa mwenye nguvu mpishe, aliinuka, akakichukua kikombe mbele ya mgeni.

— Pole dada, alimwambia. Huyu anatoka zamu ya usiku.

Akampa Truphosa. Vital akasogea kumwachia pembe ya benchi yenye mahali pa kuegemea. Truphosa alikaa, akavua viatu, akanywa bila kumtazama mtu.

Flaviana hakukasirika. Alitabasamu, mfuko wa unga mapajani.

— Samahani, niulize. Sheria hiyo aliiweka nani?

— Ipi?

— Hiyo ya anayetoka zamu.

— Twalibu, alisema Onyancha.

— Mimi? Mimi nachemsha tu! Nilidhani ni ninyi Wakenya.

— Zii, mimi nilikuta hivyo. Papa Kimya?

— Mimi pia nilikuta. Siku ya kwanza nilitoka usiku, balinipa kikombe, nikanywa.

— Basi mkutano uliamua, alisema Flaviana.

— Hapa? Twalibu akacheka. Hapa hatujawahi kukubaliana hata kuhusu sukari.

— Na asiyefuata anafanywaje?



— Hafanywi kitu, alisema Onyancha. Hakuna wa kumfanya kitu.

— Sasa mbona mnafuata?

Swali lilikuwa dogo, la mtu aliyetumwa unga. Onyancha akamwelekezea mkono Truphosa, aliyekuwa ameanza kusinzia kikombe kikiwa bado kifuani.

— Kwani wewe humwoni? alisema.

— Namwona. Lakini nimeuliza mbona mnafuata.

Onyancha akakaa. Hakuna aliyewahi kumwona Senata akikaa kabla ya kumaliza hoja. Vital alipoanza kusema hakujua kama alikuwa anamjibu mgeni au nani.

— Tulikuwa tunakimbia, alisema. Kutoka Masisi, njia ya Goma. Kethia alikuwa mugongoni, miaka yake mine. Tulifika mahali pa bomba ya maji pale njiani. Iko muntu moja pale na bunduki, anakunywa. Bantu bengi bamesimama na kiu, hakuna anasogea. Juu ya nini asogee? Siku ile serikali ilikuwa yeye. Polisi yeye, korti yeye. Senata, kama ni ile unasema, ya mwenye nguvu mpishe, mwenye nguvu ndiye alikuwa pale.

Vital alikiweka kikombe chake kwenye kijirafu.

— Kethia alilia. Yule muntu akageuka. Mi nilisema tumekufa. Akamutazama mutoto, akasogea. Akashika bomba na mukono yake, namna hii, maji yasimwagike, mutoto akunywe. Kisha akasimama pembeni mpaka bamama bote bakunywe. Nani alimutuma? Shefu yake hakuwa pale. Hakuna muntu angemufanya kitu. Mimi nilisali miaka yote, nikamushukuru Mungu kwa maji. Ile swali sikuwahi kujiuliza: juu ya nini alisogea?

Truphosa alikuwa amefumbua macho.

— Na Kethia anakumbuka? aliuliza.

— Ndiyo ile jambo aliniuliza kwa simu. Papa, yule muntu wa bomba alikuwa na uso gani? Nilimujibu nimesahau. Nilifikiri anataka kuniletea huzuni. Vital alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Mungu wangu, alisema. Miaka yote mi nasema mutoto anasoma vitabu. Kumbe anamutafuta yule muntu.

Nikwambie kweli, benchi lile lilipokuwa kanisani halikuwahi kupata utulivu wa namna hiyo. Twalibu alikuwa na machozi na hakuyaficha. Onyancha alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Ni Flaviana tu, ambaye hakujua Kethia ni nani wala Dallas iko upande gani, aliyerudi kwenye lake.

— Kwa hiyo hakuna anayejua jibu?

— Kuna muntu moja, alisema Vital, anaitafuta. Balimupa kazi ya maisha juu ya ile swali, na habawezi kumufukuza mpaka aipate. Kesho saa kumi, Dallas. Ni mutoto yangu.

— Na shift? Onyancha aliuliza.

— Sina shift.

— Nilijua huna. Tutatoka asubuhi. Nita-drive mimi.

— Nami naja, alisema Truphosa. Nitalala kiti cha nyuma. Mtu asiniongeleshe mpaka tufike.

Vital alitoa simu. Ikaita mara moja tu.

— Hey, Papa. Everything okay?

— Kethia, alisema. Yule muntu wa bomba. Alikuwa kijana, bado hana ndevu. Na alikuwa analia. Ninakuja kesho, nitakaa pale mbele.

Upande wa pili ilisikika pumzi, kisha kilio cha mtu mzima anayejaribu kukizuia. Vital aliibana simu sikioni na kungoja. Birika lilikuwa limeisha zamani, na siku hiyo hakuna aliyeondoka.