Mgeni wa Juzi Njinjo

Daktari Skolastika, mganga mkuu mpya wa wilaya, hakuwa amewahi kufika Njinjo. Mwaka ule wa 1996 alipanda basi la mtu binafsi, mkobani ana majibu ya maabara ambayo hajamwonyesha mtu: kisima cha Njinjo kina kipindupindu.

Nyuma yake mama mmoja kijana alikuwa akibishana na jirani yake wa kiti. "Kile kisima tumekiacha. Mganga mkuu alikuja juzi, akatukataza. Mwanamke, ana kovu kidevuni."

"Juzi mto Matandu ulifurika, dada. Alivuka na nini?"

"Sikumuuliza. Nilimpa uji, akanywa."

Skolastika alifunika kidevu kwa mtandio. Basi liliposimama, yule mama alimpita mlangoni. "Shikamoo, daktari," alisema. "Afadhali leo umevaa viatu."