Kibuyu cha Mama Salina Jepkosgei Kigen, 1958–2025

Marehemu Salina Jepkosgei Kigen alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 karibu na Kimumu, binti wa tatu wa mfugaji. Alisoma hadi darasa la saba, akaacha shule mamake alipougua na ng'ombe wakakosa mkamuaji.

Kuanzia 1977 alipima maziwa katika kituo cha ushirika kwa miaka thelathini na minne. Wenzake walitumia vipimo. Yeye alionja, na aliyetia maji alijulikana kabla hajaegesha baiskeli.

Tarehe 11 Desemba 1982 alifunga ndoa na Stephen Kigen. Siku ya posa, mursik yake, maziwa ya kugandisha kibuyuni, iliwanogea wageni hadi mjomba wa bwana harusi akasinzia amekumbatia kibuyu. Baadaye, mwanariadha wa Kapsoya, walikoishi, akirudi na medali, ni Mama Salina aliyeitwa kumpokea kwa maziwa.

Ndiyo maana aliitwa tarehe 14 Machi 2023, mwana wa mfalme wa nchi tuliyoombwa tusiitaje alipozuru kambi moja ya wanariadha. Wasaidizi wa mgeni walileta kikombe chao cha fedha. Mama akamimina, akakiinua aonje.

"Mama, prince hashare kikombe na mtu," ofisa wa itifaki alimnong'oneza.

"Kwetu mgeni hapewi kitu mwenyeji hajaonja," akajibu, akaonja.

Ulimi ukamwaka. Mgeni aliponyoosha mkono, Mama alikitupa kikombe chini, na walinzi wakamwangusha yeye.

Mgeni alirudi kwao salama. Balozi wao akaitwa nyumbani, wetu akafukuzwa. Wapelelezi walikuja Kapsoya mara kumi na moja na maswali yaleyale. Kila mara Mama aliwapikia chai, na kila mara hawakuigusa. Maziwa yaliyobaki kibuyuni yalipimwa yakaonekana safi. Sumu ilikuwa kwenye kikombe. Lakini hakuna serikali iliyotaka kuuliza nani alikishika kikombe kile. Baada ya miezi minane nchi zikapatana, na tamko lao likasema mgeni alipewa "maziwa yaliyoharibika". Ubalozi ukafunguliwa. Mama hakuitwa tena kwenye sherehe yoyote, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa. Tumechoka kulieleza, lakini leo tunalisema mbele ya watu.

Sumu ile kidogo iliharibu figo zake. Kwa miaka miwili alisafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi. Siku iliyotangulia alimshika mkono binti yake Chelimo: "Waambie tu maziwa yangu haikuwa mbaya."

Ameacha mume wake, Mzee Stephen, mabinti wawili, Chelimo na Linet, wajukuu watano, na kibuyu kimoja alichokitayarisha wiki tatu kabla ya kufariki, ambacho hakuna jirani aliyekuja kukinywa. Kaburi likishafunikwa, kitafunguliwa hapa nyumbani. Chelimo ataonja kwanza. Aliyekuwa na hofu naye anakaribishwa, alete kikombe.

Pumzika salama, Mama. Hakuna atakayekuhoji tena.