Mstari wa Penseli Mlangoni

Zimeni hizo simu, wanangu, mkae chini, na wewe Mwalimu uliyesimama dirishani kama askari wa benki, vuta kile kiti cha cherehani ukae, maana nikiongea nimeinua shingo nachoka upesi, na leo nina mengi. Karani, funga hilo faili. Nimelijua tangu lilipokuwa karatasi moja, na sitaki kusomewa tena saa ngapi watu watakunywa chai na saa ngapi watakwenda chooni siku ya tatu ya safari. Mkwe wangu, toka huko jikoni. Usiniambie unaosha vyombo, vyombo vya nyumba hii umeviosha mara tatu tangu asubuhi ili usikae chumba kimoja na wifi yako. Njoo ukae hapa miguuni pangu. Hivyo. Sasa nisikilizeni, na asinikatize mtu, pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema mara moja, haitoshi kubishana.

Mnadhani huwa nimelala. Tangu mnihamishie kitanda huku sebuleni mnakaa pale mezani na kunong'ona kwa sauti ambayo jirani angeisikia, na mimi nimefumba macho nawasikiliza. Jana mchana Karani ulisema safari ifutwe, kesho asubuhi wakala wa tiketi apigiwe simu, kwani watu watasemaje wakisikia mama yuko kitandani na watoto wake wamekwenda ng'ambo kubembea. Mwalimu ukasema isifutwe, iahirishwe mpaka mwakani. Na wewe fundi wangu wa madirisha, mwanangu wa katikati, ulikuwa unachezea tepu yako ya chuma, unaivuta na kuiachia, unaivuta na kuiachia, mpaka nikatamani kukurushia kikombe. Kuahirisha. Neno hilo nimelisikia humu ndani mpaka linanitia kichefuchefu.

Safari hii ina umri wa miaka minne, wanangu, na katika miaka hiyo minne hakuna aliyefika hata uwanja wa ndege. Mwaka wa kwanza mligombana kuhusu bustani ya michezo na mji. Mwalimu hakutaka kusikia habari za vigari vya reli vinavyopindua watu miguu juu, yeye alitaka minara, madaraja na makumbusho matatu kwa siku moja, kana kwamba sisi wengine ni wanafunzi wake na safari itaishia na mtihani. Fundi hakutaka hiki wala kile, alitaka kulala hotelini kwa sababu siku zote za mwaka yuko juu ya ngazi. Karani akaleta faili, akampangia kila mtu hata siku ya kubadilisha soksi, na alipouliza kama tumekubaliana, watu watatu wakanuna kwa wiki mbili. Mwaka wa pili pasi mbili za kusafiria ziligundulika zimeisha muda wake, na zote mbili ni za mtu anayefundisha wenzake jiografia, ambaye aliitunza ile ya zamani na ile ya zamani zaidi, ile mpya akawa hajaiomba. Nilicheka siku ile, lakini nilicheka kwa hasira.

Mwaka wa tatu ndio ninaotaka kuusema, kwa hiyo tulieni.

Mwaka jana kila kitu kilikuwa tayari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijishonea suruali, mimi niliyevaa gauni tangu nijue kutembea, kwa sababu Pini aliniambia, "Bibi, kule juu tukipinduka gauni litakufunika uso." Mjukuu wangu mmoja tu, binti wa Fundi na mkwe wangu, nikampa jina la Pini kwa kuwa alijifunza kutambaa katikati ya pini zangu, naye hakutaka kitu kingine katika safari nzima ila kile kigari kikubwa, na aliniapisha kwamba nitakaa kando yake. Nikaapa. Tena nikaapa na la pili, mbele yenu wote: hatuendi mpaka Pini afikie ule ubao ulio mlangoni pa kigari, ambao Mwalimu aliusoma kwenye simu, sentimita mia moja na ishirini, asiyefika hapandi. Nilisema sitavuka bahari nikamwache mjukuu wangu analia getini huku watu wazima wanapiga kelele za furaha juu ya kichwa chake. Sharti lilikuwa langu. Msimlaumu mwingine.

Nikamsimamisha pale mlangoni, visigino ukutani, nikachora mstari wa penseli juu ya kichwa chake, nikaupima kwa tepu yangu ya kitambaa, nikaandika kando yake mia moja kumi na sita. Fundi, wewe ulisema, "Mama, hebu nipime na mimi kwa hii ya chuma." Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema nimevisha shule nne kwa tepu hii, sare za watoto kwa mamia, halijapata kurudi shati hata moja, na mtu anayepima vioo asinifundishe kupima mwili. Ukarudisha tepu yako mfukoni. Safari ikaahirishwa.

Na hapo ndipo midomo ilipofunguka. Karani, ulimwambia mkwe wangu mbele ya mtoto kwamba mtoto hakui kwa sababu analishwa mikate iliyolala ya kule anakooka. Na wewe mkwe wangu, mpole wa watu, ukamjibu kwamba mtu ambaye hajazaa asikufundishe kulea. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hicho alichokalia Mwalimu. Nilisikia yote mawili yakitua. Tangu siku hiyo ni mwaka mzima hamsemeshani, mnatumiana habari kupitia kwa Pini, mwambie shangazi yako chakula tayari, mwambie mama yako kuna mgeni, mtoto amegeuzwa redio, na mimi nikawaacha, nikijiambia ni hasira tu zitapoa. Hazikupoa. Mnanichosha ninyi wawili, na nimejichosha mwenyewe.

Sasa sikilizeni kilichotokea wiki mbili zilizopita. Mlipotaka kunihamishia kitanda, Fundi ulikuja kuupima ule mlango kama kitanda kitapita kikisimamishwa. Uliweka tepu ya chuma sakafuni ukaipandisha kwenye fremu, na mkono wako ukasimama kwenye mstari wangu wa penseli. Nilikuona. Ulisoma ya kwako, ukasoma nilichoandika mimi, ukasoma ya kwako tena. Kisha ukageuka kunitazama, nami nikafumba macho. Ukakunja tepu ukasema kitanda kitapita. Ulinisitiri, mwanangu, na najua ulifanya kwa mapenzi, lakini huruma ile imenikera kuliko ugonjwa wenyewe.

Kesho yake nilimwomba Pini aniletee rula yake ya shule, nikailaza juu ya tepu yangu hapa kitandani. Thelathini ya rula ni ishirini na tisa ya tepu yangu. Tepu imevutika. Miaka thelathini na mbili naining'iniza shingoni, naivuta kwenye vifua vya watu na viuno vya watu, imerefuka kidogo kidogo nami sikujua. Na nisingejua. Nilipima mwili kwa tepu hiyohiyo na kitambaa kwa tepu hiyohiyo, kosa la huku likafutwa na kosa la kule, nguo ikakaa vizuri, nami nikajipiga kifua. Ilikuwa kweli humu ndani tu. Haikuwa kweli kwenye ubao wa mtu mwingine.

Hesabu mnaijua. Pini mwaka jana alikuwa mia na ishirini kamili. Alikuwa amefika. Mwaka jana nilikuwa napanda ngazi za sokoni bila kushika ukuta, wanangu. Ningekwenda. Ningekaa kwenye kile kigari na suruali yangu, nikapinduliwa, nikapiga kelele. Inaniuma, sitawadanganya, inaniuma kila ninapouona ule mlango, na mmenilaza mkanielekeza kwake.

Usilie, Karani. Bado sijafika kwako.

Mkwe wangu, nipe mkono. Mtoto wako hakuwa mfupi. Mikate yako haina kosa. Uliposemwa mimi ndiye niliyepaswa kusema "subirini, tupime tena", nikakaa kimya kwa kiburi cha ufundi wangu. Nisamehe. Hilo ndilo deni ninaloondoka nalo usiponisamehe, hilo na kola tatu za mashati ya yule jirani mwenye mapacha, nimezikata ziko kwenye droo ya chini, utazimalizia wewe, maana cherehani nakuachia wewe. Isukume kwa mguu wa kulia, wa kushoto inagoma. Karani, mkasi mkubwa ni wako. Nyumba ni ya ninyi watatu, hati iko kwenye bati la vifungo, na asiuze mtu hata tofali moja mpaka Pini amalize shule. Baada ya hapo fanyeni mtakavyo, sitakuwepo kuwapigia kelele.

Sasa safari. Ndege inaondoka baada ya siku kumi na tisa na mtaipanda. Hakuna kufuta, hakuna mwakani. Watu watasemaje? Watasema, Karani, watu walisema hata nilipoweka taa ya pili kwenye duka langu la kushonea. Nikifa kabla, nizikeni, osheni nyuso, mkafungashe mabegi. Nikifa mkiwa huko, mama yenu mdogo atakuwa hapa, ameshakubali, na mdogo wangu huyo anajua kuzika watu kuliko ninyi nyote mkikusanywa pamoja. Msirudi mbio kabla ya siku yenu. Sitakuwa na haraka ya kwenda popote.

Siku mbili ni za bustani ya michezo, siku tatu ni za mji, na siku moja msifanye kitu, Fundi alale mpaka achoke kulala. Mwalimu, makumbusho moja kwa siku, na usisome kila kibao, wenzako wana miguu. Pandeni lile basi lisilo na paa mliloniambia, mzunguke mji mzima mmekaa, Pini awekwe upande wa kuona. Karani, ratiba yako ichane katikati, chukua nusu unayoipenda, nusu nyingine iache mezani hapa. Na mtu akipotea msilaumiane, mtafuteni kwanza.

Kiti changu cha ndege kiwe cha vitabu vya Mwalimu. Lakini kiti changu kwenye kile kigari, kile cha kando ya Pini, hicho hakibaki kitupu. Karani, utakaa wewe. Najua. Najua unaogopa hata kupanda kigoda kubadilisha taa, nimekuzaa mimi. Utakaa hivyo hivyo na woga wako, utamshika mkono mtoto uliyesema hakui, na mama yake atakaa nyuma yenu, na ukipiga kelele ataisikia, na mkishuka mtakuwa mmesemeshana, kwa sababu hakuna mtu anayetoka pale bila neno. Suruali iko nyuma ya mlango. Usinitazame hivyo. Nimeipunguza kiuno wiki hii, kwa sindano ya mkono, humu kitandani, mlipodhani nimelala. Nimekupima kwa macho. Itakukaa.

Maji kidogo. Mkwe, asante. Hapana, yatosha.

Tepu yangu iko chini ya mto. Ichukue, Karani, na mkasi. Ikate. Kata tena. Usiidake, Mwalimu, haiendi makumbusho yoyote. Itupeni pamoja na vitambaa vya kufagiwa.

Nimechoka sasa. Pini yuko wapi? Mwiteni, najua yuko hapo nje anasikiliza, kanirithi. Njoo, mke mwenzangu. Vua viatu. Simama mlangoni, visigino ukutani, usisimame kwa vidole, nakuona. Fundi, lete ya chuma. Weka sawasawa, anzia sakafuni. Karani, wewe shika huku chini, na wewe mkwe shika huku juu kichwani kwake. Shikeni pamoja. Hivyo.

Nendeni salama mrudi salama. Mungu awape miguu isiyochoka na midomo inayofunga mapema. Nimeridhika nanyi, wote, hata mliponitia wazimu. Nimeridhika.

Macho yangu hayasomi tena, mjukuu wangu. Soma wewe. Kwa sauti.

Mia moja ishirini na saba.

Umepita, mama. Umepita tangu zamani. Nenda.