Kifua cha Filimbi

Mpendwa wetu, ambaye wote hapa tulimwita Filimbi, jina alilobandikwa na shangazi yake kwa ajili ya mlio wa kifua chake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha karakana ya magodoro ya mama yake, akiwa binti wa pili na mtoto wa mwisho, baada ya dada aliyemtangulia kwa miaka mitatu, na waliokuwepo wanasema tangu anaanza kutambaa alikitaka alichoshika dada yake, hata kama mkononi mwake mlikuwa na kingine kama hicho hicho.

Wote wawili walikuwa na pumu, lakini hata pumu zao hazikulingana: ya dada ilikuja na mafua ikaondoka nayo, ya Filimbi iliingia bila hodi, kwa vumbi, kwa paka, kwa kucheka sana, na juu yake alikuwa na pumu ya ngozi kwenye viwiko na nyuma ya magoti, kama mama yake. Mwezi Juni 1959 mama aliwapeleka kwa daktari wa watoto, ajue ni yupi atapona akikua, kwa sababu karakana ilijaa vumbi la sufi, na mwenye kifua kibovu asingeweza kuirithi. Daktari aliwapima, akauliza habari za ukoo, akasema ya mkubwa huenda ikaisha, ya mdogo ina dalili za kubaki, kwani wengi wa namna yake hubaki nayo, ingawa si wote, na hakuna anayeweza kumsemea mtoto mmoja kwa uhakika. Mama alirudi nyumbani na nusu ya maneno hayo. Tangu siku ile dada akafundishwa sindano ya magodoro, na Filimbi akaambiwa akae mlangoni.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, na kila alasiri alirudi kukaa mlangoni pale, akitazama vidole vya dada yake, akijua mshono umekwenda kombo kabla mshonaji hajajua. Mara ya mwisho kubanwa kifua ilikuwa likizo ya mwaka 1967, na baada ya hapo hakubanwa tena. Alipomuuliza mama yake, "Mama, mbona sikohoi tena?" alijibiwa, "Daktari alishasema, mwanangu, usijidanganye." Januari 1970 karakana ikakabidhiwa dada.

Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa kuwa karani katika idara ya maji, akatumika kwa uaminifu miaka thelathini na mitano, katika ofisi yenye sakafu iliyopigwa deki kila asubuhi, na hakuna mfanyakazi mwenzake aliyemsikia akiisifu. Tarehe 8 Septemba 1974 alifunga ndoa na mpima ardhi aliye mbele yetu leo. Dada yake aliwashonea godoro la harusi, na wiki haikwisha kabla bibi harusi hajalifumua pembe zote nne na kulishona upya, huku mumewe akilala sakafuni na kuuliza kama alioa mke au fundi. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Novemba 1999 pumu ya dada, tuliyodhani imekwisha tangu utotoni, ilirudi kwa kishindo, akaanguka juu ya rundo la sufi, akakimbizwa hospitali. Filimbi alifika na sare yake ya kazi, akamtazama dada yake nyuma ya kinyago cha oksijeni, akasema, "Hata hii umeninyang'anya?" Dada alicheka mpaka muuguzi akawafokea wote wawili. Siku aliporuhusiwa alisema, "Chukua karakana, mdogo wangu, kifua kimenishinda." Filimbi alijibu, "Mimi sili makombo, dada," akaondoka, ingawa mumewe ni shahidi kwamba alilia njia nzima.

Alipostaafu mwaka 2006 alikwenda karakanani kusaidia mpaka Ijumaa, akabaki miaka kumi na mmoja, yeye ndani kwenye vumbi, dada nje akipokea wateja, na mteja aliyethubutu kuuliza, "Mkubwa yupo?" alisubiri godoro lake mpaka akome.

Agosti 2017 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Daktari alipomwambia kwamba mapafu yake ni safi, alisema, "Mwambieni dada." Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2019, dada akiwa ameushika mkono wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ulimi wake, majirani waliopokezana zamu kitandani pake, na wafanyakazi wenzake wa idara ya maji waliofika hapa kwa wingi.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na dada mmoja, ambaye kifua hakimruhusu kusimama na kusema, hivyo ameomba lisomwe neno lake: kwamba fundi wa kweli wa mama yao alikuwa mdogo wake, kwamba aliliona hilo tangu lile godoro la harusi, na kwamba hakulisema kwa sababu naye alikuwa akimwonea wivu, kwa namna mdogo wake alivyokuwa akivuta pumzi bila taabu.

Fundi, pumzika kwa amani.